Mkono Uliokatika Kazini: Nani Alipe?



Katika juma hili la sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambayo Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei mnamo mwaka 1955, nilitembelewa na kijana mmoja wa parokia yetu. Vidole vitatu vya mkono wake wa kuume vilikatwa na msumeno wa mashine katika karakana ya mbao. Mwajiri alilipia hospitali siku ya kwanza, akampa nauli ya kurudi kwao kijijini, kisha akamsihi asiseme neno, wasije wakaingia gharama. Neno hilo “gharama” limenisumbua siku zote hizi. Nimeona vema tulitafakari pamoja kwa kurejea historia.

Mwaka 1835, huko Uingereza, kijana aitwaye Charles Priestley alikuwa mtumishi wa muuza nyama Thomas Fowler. Siku moja alitumwa kupeleka nyama kwa gari la farasi lililopakiwa kupita kiasi. Gari likavunjika njiani, naye akavunjika paja. Raia waliokaa na hakimu kusikiliza shauri lake waliamua alipwe pauni 100. Lakini mwaka 1837 majaji wa juu, Lord Abinger akiwa mkuu wao, waliitengua hukumu hiyo. Bwana akiwajibika kwa hili, alisema Abinger, itambidi awajibike hata pale kijakazi anapomlaza mtumishi mwenzake katika kitanda chenye unyevu! Tena mtumishi ana hiari ya kukataa kazi anayoiona kuwa ya hatari. Hiari gani, ndugu zangu, kwa mtu ambaye akikataa leo, kesho hana mkate?

Kutokana na fikra za namna hiyo, majeruhi alifungiwa milango mitatu. Kama aliyesababisha ajali ni mfanyakazi mwenzake, tajiri hakulipa. Kama majeruhi mwenyewe alizembea walau kidogo, hakulipwa. Na kama aliijua hatari akaendelea na kazi, ilihesabiwa kwamba ameikubali. Migodi na reli zilipanuka, na wajane wakaongezeka.

Kanisa halikukaa kimya. Askofu Wilhelm Emmanuel von Ketteler wa Mainz, Ujerumani, alichapisha kitabu juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1864, miaka 27 kabla ya Papa Leo XIII kutoa waraka wake Rerum Novarum. Hata hivyo aliyeleta sheria alikuwa Bismarck, mtu aliyewatesa Wakatoliki wa nchi yake kwa miaka mingi, na ambaye nia yake kubwa ilikuwa kuwavuta wafanyakazi waachane na wasoshalisti. Mungu huandika kwa kalamu anazozikuta mezani.

Sheria ya Bima ya Ajali ilipitishwa tarehe 6 Julai 1884, ikaanza kutumika Oktoba 1885. Waajiri wa kila aina ya kazi waliunganishwa katika chama chao, na michango yote ikatoka kwao. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi alilipwa theluthi mbili ya ujira wake, bila kuulizwa kosa lilikuwa la nani. Naye kwa upande wake aliacha haki ya kumshtaki tajiri mahakamani, isipokuwa pale tajiri alipomdhuru kwa makusudi. Kila upande ulitoa kitu. Kwa kuwa waajiri walilipiana madeni, walipata sababu ya kuchunguzana: vyama hivyo viliruhusiwa kuweka kanuni za usalama na kutuma wakaguzi viwandani. Ajali ya jirani ilikuwa sasa inatoka mfukoni mwako.

Februari ya mwaka huohuo wa 1885, Kaisari alikuwa ameipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya sehemu za nchi yetu. Bima ile haikuvuka bahari kuwafikia wapagazi wetu.

Uingereza ilifuata mwaka 1897. Marekani ilichelewa. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama kuu ya rufaa ya New York iliibatilisha sheria ya fidia ya jimbo hilo. Kesho yake moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, jimboni humohumo, na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiitalia na Kiyahudi. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Katika nchi nyingi bima hii hukadiriwa hivi: jumla ya mishahara huzidishwa kwa kiwango cha hatari ya kazi yenyewe, kisha hesabu hupandishwa au kushushwa kwa kutazama ajali ambazo kampuni hiyo imepata katika miaka iliyopita. Ajali ndogo nyingi humwumiza mwajiri kuliko ajali kubwa moja, maana penye ndogo nyingi kubwa iko njiani. Basi mwenye kutaka kupunguza gharama afunike msumeno, atoe taarifa mapema, ampeleke majeruhi kwa tabibu siku ileile, na ampe kazi nyepesi mpaka apone. Torati ilikwisha kuagiza kwamba ajengaye nyumba aweke ukingo darini, damu ya mtu isiwe juu ya nyumba yake (Kum 22:8). Ukingo ni gharama, lakini hulipwa mara moja.

Hapa Tanzania sheria tuliyorithi kwa Waingereza ilikaa hadi mafao yake yakawa dhihaka: ulemavu wa kudumu haukuzidi Sh108,000. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia; mfanyakazi hakatwi hata senti. Tangu Julai 2022 kiwango kiliwekwa asilimia 0.5 ya mishahara, kimoja kwa mwenye karakana na mwenye ofisi ya karatasi. Nionavyo mimi, usawa huo unamnyima mwajiri mwangalifu tuzo yake, ingawa ni mzigo mwepesi.

Kwa kila Sh100,000 za mshahara wa kijana yule, mwajiri wake alipaswa kuchangia Sh500 kwa mwezi. Jumatatu nitafuatana naye kwenda kutoa taarifa. Ameniomba nimwandikie fomu, kwa kuwa bado hajazoea kushika kalamu kwa mkono wa kushoto.