Ahadi ya Nyota: Shangwe na Shaka katika Historia ya Mchezo Mmoja

Waswahili husema ahadi ni deni. Methali hii fupi imebeba sheria nzima ya uungwana: anayetamka huwa amekopa, na anayesikia huwa amekopesha imani yake. Lakini methali yenyewe ilizaliwa katika mitaa ambamo mdai na mdaiwa wanajuana kwa majina, husali safu moja na hukutana sokoni. Haikueleza deni hilo hulipwaje pale anayeahidi yuko ng'ambo, na wanaoahidiwa ni mamilioni ya watu wasiojuana, kila mmoja ameketi mbele ya kioo chake. Suala hilo limejaa katika historia ya michezo ya video, na hasa katika historia ya mchezo mmoja uitwao No Man's Sky, uliotangazwa mwaka 2013 na kutolewa mwaka 2016.

Kwa msomaji asiyeyazoea mambo haya, yafaa ielezwe kwanza biashara hii inavyokwenda. Mchezo mkubwa wa video huchukua miaka mitatu, mitano, hata zaidi kuundwa. Waundaji hawangoji ukamilike ndipo waunadi. Huutangaza mapema, aghalabu kwa kionjo, yaani filamu ya dakika mbili tatu yenye muziki wa kusisimua na picha teule. Kuanzia mwaka 1995 jukwaa kuu la matangazo hayo lilikuwa maonyesho ya E3, yaliyofanyika kwa miaka mingi mjini Los Angeles, Marekani, hadi ilipotangazwa Desemba 2023 kwamba yamekwisha moja kwa moja. Baada ya tangazo huja kungoja, na katika kungoja wachezaji hugawanyika. Wako wanaoshangilia, wakaikariri filamu ile kama shairi. Na wako wanaotikisa kichwa, wakakumbusha kwamba kivumacho hakidumu. Mara nyingi makundi hayo mawili huwa ni mtu yule yule, asubuhi na jioni.

Shaka hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1997 kampuni ya 3D Realms ya Marekani ilitangaza mchezo wa Duke Nukem Forever. Wapenzi walipouliza utatoka lini, walijibiwa kwamba utatoka utakapokuwa tayari. Mwanzoni jibu hilo lilisikika kama kauli ya fundi anayeiheshimu kazi yake. Miaka ilipozidi kupita likageuka kichekesho. Mchezo ulitoka Juni 2011, baada ya miaka 14, ukiwa umemaliziwa na kampuni nyingine, na waliokuwa watoto wa skuli siku ya tangazo walikwisha kuwa wazazi. Mwaka 2005, kwenye E3, kampuni ya Sony ilionyesha filamu ya mchezo wa Killzone kwa ajili ya mashine yake ya PlayStation 3, iliyokuwa bado haijaingia madukani. Wengi waliamini wanaona mchezo wenyewe ukichezwa. Baadaye ilibainika kwamba zilikuwa picha zilizotengenezwa kabla, kuonyesha kile ambacho waundaji walitumaini kukifikia. Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 2009.

Mafunzo hayo yaliwafanya wachezaji kuwa wasomaji wazuri wa matangazo. Walijifunza kuuliza kama picha zimetoka kwenye mashine au kwenye karakana ya wachoraji. Kama kuna mtu aliyeshika vitufe au ni filamu tupu. Kama tarehe imetajwa au imefichwa. Ni elimu isiyo na skuli, inayofanana na ile ya wapenzi wa mashairi, ambao hujifunza kwa kusikiliza tu kutofautisha vina vilivyobeba maana na vina vilivyopambwa ili kuziba pengo.

Pamoja na elimu yote hiyo, tarehe 7 Desemba 2013 wengi waliisahau. Siku hiyo, katika hafla ya tuzo iliyoitwa VGX, alitokea Sean Murray, mmoja wa waanzilishi wa Hello Games, kampuni ndogo ya mji wa Guildford, Uingereza. Kampuni hiyo ilijulikana kwa Joe Danger, mchezo wa pikipiki wa mwaka 2010 uliotengenezwa na watu wanne. Safari hii walileta kitu cha namna nyingine kabisa. Kionjo chao kilianza chini ya bahari, kikaibuka nchi kavu penye majani na wanyama wa ajabu, kisha mchezaji akapanda chombo chake na kupaa mpaka angani kwenye nyota. Ilisemwa kwamba kila nyota inayoonekana ni mahali panapofikika. Mwezi huo huo, tarehe 24, mafuriko yaliingia katika ofisi yao na kuharibu vifaa vya kazi. Waliendelea. Habari ya wachache waliopigwa na maji na bado wakaunda mbingu ilizidi kuwapa mapenzi ya watu.

Kisha ikaja hesabu. Ilitangazwa kwamba ulimwengu wa mchezo huo una sayari 18,446,744,073,709,551,616. Hakuna aliyezichora moja moja. Hutokana na kanuni za hesabu, ambazo kwa namba moja ya mwanzo hupanga milima, hali ya hewa, mimea na wanyama wa kila sayari pale mchezaji anapoifikia. Idadi hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa mbili hadi zitimie mbili 64. Wanaojua hadithi za kale wataitambua. Ni hadithi ya mwenye hekima aliyemfurahisha mfalme kwa mchezo wa sataranji, na alipoambiwa achague zawadi akaomba nafaka: punje moja kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, hivyo hivyo hadi nyumba ya 64. Ibn Khallikan, mwandishi wa karne ya 13, ni miongoni mwa walioisimulia. Mfalme alicheka kwa udogo wa ombi na akakubali. Wahasibu walipomaliza kazi yao, punje zilizotakiwa zilikuwa pungufu kwa moja tu ya sayari za Guildford, na ghala zote za ufalme zisingeweza kuzitoa.

Katika hadithi ile aliyeahidi hakujua ukubwa wa namba. Katika mchezo huu aliyeahidi aliijua vizuri. Walioahidiwa ndio ambao hawakujua namba hiyo inafunika nini. Wingi wa sayari haukusema mtu atafanya nini akifika kwenye sayari ya kumi, au ya mia. Waliouliza swali hilo mapema, na walikuwapo, walionekana wabaya wa furaha ya wenzao. Wakati huo Murray alizunguka kutoka mahojiano hadi mahojiano. Kila alipoulizwa kama jambo fulani litakuwamo, jibu lake mara nyingi lilielekea kwenye ndiyo. Alipoulizwa kama wachezaji wawili wataweza kuonana, alieleza kwamba inawezekana, ila ulimwengu ni mkubwa mno hata kukutana kutakuwa nadra. Sony, iliyouchukua mchezo huo na kuuonyesha kwenye E3 ya mwaka 2014, ikaupa sauti ya kampuni kubwa. Bei yake ilipangwa dola 60 za Marekani, sawa na michezo iliyoundwa na mamia ya watu.

Mwezi Mei 2016 ikatoka habari kwamba mchezo uliotarajiwa Juni umeahirishwa hadi Agosti. Hapo ndipo shangwe ilipoonyesha uso wake wa pili. Mwandishi wa habari aliyeandika juu ya kuahirishwa huko kabla ya kampuni kutangaza alitishiwa kuuawa, na Murray naye akatishiwa vivyo hivyo. Kosa la wa kwanza lilikuwa kusema kweli, na la wa pili kuomba wiki chache zaidi za kazi. Jamii inayomtisha mjumbe na fundi kwa pamoja imekwisha kuacha kupenda kitu chenyewe. Inapenda kungoja kwake.

Mchezo ulitoka tarehe 9 Agosti 2016 nchini Marekani, na siku chache baadaye kwa kompyuta, ambako watu zaidi ya 200,000 waliucheza kwa wakati mmoja. Siku ile ya kwanza wachezaji wawili waligundua kwamba wako kwenye sayari moja. Wakaelekezana, wakasafiri, wakasimama mahali pamoja palepale, na hakuna aliyemwona mwenzake. Siku hizo hizo Murray alikuwa ameandika kwamba huu si mchezo wa kucheza pamoja, lakini kauli hiyo iliwafikia watu wengi wakiwa wamekwisha kulipa. Wachezaji waliokuwa wakikariri vionjo kwa mapenzi sasa walivikariri kwa hesabu. Ziliandikwa orodha ndefu, kila jambo lililosemwa likiwekwa kando ya lililopatikana. Dubwana la mchangani, mfano wa nyungunyungu mkubwa, lililoonekana katika picha za mwanzo, halikuwamo. Ndani ya wiki chache wengi walikuwa wameondoka.

Lililowauma wengi ni kule kulipia kabla ya kuona. Zamani, mchezo ulipouzwa kwa diski, kuagiza mapema kulikuwa na sababu, kwani diski zingeweza kwisha dukani. Mchezo unaoshushwa kwa intaneti hauishi dukani kamwe. Anayelipa mapema hununua neno, na neno halirudishwi kwa urahisi. Katika vyumba vya michezo vya miji ya Afrika Mashariki, ambamo vijana hulipia kwa mechi au kwa muda, desturi ni kinyume chake. Mchezo umekwisha kufika, umewaka kwenye kioo, na mtu hutoa fedha kwa kile anachokishika mkononi. Desturi hiyo imetokana na uhaba wa fedha, lakini ndani yake mna busara ambayo wenye fedha waliikosa mwaka 2016.

Malalamiko yalifika kwenye mamlaka ya Uingereza inayosimamia matangazo ya biashara, Advertising Standards Authority, ambayo ilifungua uchunguzi Septemba 2016. Tarehe 30 Novemba iliamua kwamba matangazo yaliyokuwa kwenye ukurasa wa mauzo hayakupotosha, kwa kuwa mchezo wa namna hii hutoa mambo tofauti kwa kila mtu, na picha zile ziliwakilisha vya kutosha yaliyomo. Hukumu ilihusu ukurasa ule. Haikuhusu yale yaliyotamkwa kwa mdomo kwa miaka mitatu, na pengine hakuna mahakama iwezayo kupima deni la namna hiyo.

Hello Games wenyewe walinyamaza. Kwa wiki nyingi hawakujibu matusi wala maombi. Tarehe 27 Novemba 2016 walitoa nyongeza ya kwanza, bila malipo, wakaiita Foundation, yaani msingi. Mwaka 2017 zilifuata nyingine mbili kubwa. Tarehe 24 Julai 2018 ilitoka ile iliyoitwa NEXT, na kwayo wachezaji waliweza kuonana na kusafiri pamoja. Dubwana la mchangani lilifika Septemba 2020, karibu miaka saba tangu lilipoonekana mara ya kwanza. Mwaka huo huo mchezo ulipewa tuzo ya mchezo bora unaoendelezwa katika The Game Awards. Katika duka la Steam, ambako wanunuzi huandika maoni yao, hukumu iliyokuwa ya hasira ilisogea polepole kwa miaka minane hadi ikawa ya sifa mwaka 2024. Njia yao ilikuwa moja: hawakutangaza jambo ila lilipokaribia kukamilika, na hawakudai fedha juu yake.

Wapenzi wa mchezo huo husimulia habari hii kama kisa cha toba, na wana haki. Hata hivyo kisa hicho kina hatari. Wengine wamekitoa humo fundisho kwamba si vibaya kuuza kabla ya kumaliza, maadamu mtu atamalizia baadaye. Aliyenunua Agosti 2016 na akaondoka Septemba hakulipwa deni lake. Waliolipwa ni waliobaki na waliokuja nyuma. Na kumbukumbu ni fupi. Cyberpunk 2077, uliotangazwa mwaka 2012 na kampuni ya CD Projekt ya Poland, ulitoka tarehe 10 Desemba 2020 ukiwa umelipiwa kabla na watu milioni 8. Kwenye mashine za kizazi cha zamani uliharibika vibaya kiasi kwamba ndani ya siku nane Sony iliuondoa dukani mwake, na haukurudi hadi Juni 2021. Nao ulikarabatiwa baadaye ukasifiwa. Waliokuwa wamesema tusubiri tuone waliitwa wenye kijicho, kama walivyoitwa miaka minne kabla.

Shaka, basi, haifai kuhesabiwa kuwa adui wa shangwe. Fundi hujengwa na msikilizaji anayemuuliza, si anayempigia makofi kabla hajafungua kinywa. Lau waliouliza kuhusu sayari ya kumi wangesikilizwa mwaka 2014, huenda Murray angepata upenyo wa kujibu kwamba hajui bado, na jibu hilo lingemgharimu kidogo kuliko ndiyo zote alizozitoa.

Tarehe 7 Desemba 2023, miaka 10 kamili tangu siku ile ya VGX, Sean Murray alisimama tena jukwaani, safari hii kwenye The Game Awards, akatangaza Light No Fire, mchezo wa sayari moja yenye ukubwa wa dunia. Alionyesha kionjo, na tarehe ya kutoka hakuitaja. Ukumbi ulishangilia. Nje ya ukumbi, usiku ule ule, waliokuwa wamenunua mwaka 2016 walianza kukitazama kionjo kile taratibu, picha moja baada ya nyingine, wakiuliza kila moja imetoka wapi.