Waliolilia Gari Moshi

Waingereza wana aina moja ya vitabu ambavyo hawachoki kuviandika: vitabu vya kuililia reli yao. Jaladani utaona injini ya mvuke ikitoa moshi mweupe kwenye stesheni ndogo yenye bustani ya maua. Ndani kuna ratiba za miaka ya 1930, namba za injini, rangi za mabehewa, jina la kila daraja. Mimi navisoma sana. Navinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, na wenzangu hunicheka: we na reli za Wales wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba vitabu hivi vinamfundisha somo kijana yeyote anayeshika kalamu. Vinaonyesha jinsi maandishi yanavyoweza kufufua kitu kilichokuwa kinakufa, na jinsi yanavyoweza kumsahau mtu aliyekuwepo pale pale.

Tuanze na Ian Allan. Mwaka 1942, vita vikiendelea, alikuwa karani kijana katika ofisi za reli ya Southern pale Waterloo, London. Barua zilikuwa haziishi: watu wanauliza habari za injini, hii ina namba gani, ile ni ya aina ipi. Akaona bora aziorodheshe zote kwenye kijitabu kimoja. Wakubwa wake hawakuona faida ya kukichapisha, basi akakichapisha mwenyewe. Kikaisha upesi, vikafuata vingine. Baada ya vita, stesheni za Uingereza zikajaa watoto wa kiume wenye penseli, wakipiga mstari chini ya kila namba waliyoiona ikipita. Mtu anaweza kusema huo ni mchezo wa kitoto tu. Lakini wengi wa watoto hao ndio walioukua na kuwa wanunuzi wa vitabu ninavyovizungumzia, na baadhi yao wakawa waandishi.

Halafu yuko L.T.C. Rolt, na huyu ndiye ninayempenda zaidi. Alikuwa fundi mitambo. Mwaka 1939 alihamia kwenye mashua iliyoitwa Cressy, akaanza kusafiri kwenye mifereji ya zamani ya mizigo ambayo wakati ule ilikuwa imeanza kuliwa na tope na magugu. Kitabu chake, Narrow Boat, kilitoka mwaka 1944. Miaka miwili baadaye yeye na Robert Aickman na wenzao wakaunda chama cha kuitetea mifereji hiyo.

Hakuishia hapo. Kule Wales palikuwa na reli nyembamba iitwayo Talyllyn, iliyojengwa katika miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimboni mpaka Tywyn. Serikali ilipotaifisha reli tarehe 1 Januari 1948, haka kareli kaliachwa nje, kana kwamba hakapo. Mwenyewe, Sir Henry Haydn Jones, alifariki mwaka 1950, na ikaonekana mwisho umefika. Oktoba mwaka huo huo Rolt na wenzake walikutana Birmingham. Mei 1951 treni ikatembea, ikiendeshwa na watu wa kujitolea: karani anakata tiketi, mwalimu anatengeneza njia. Ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa namna hiyo. Rolt akaiandikia kitabu, Railway Adventure, mwaka 1953, na miji mingine ikaiga. Talyllyn inatembea mpaka leo. Ndugu msomaji, si mchezo! Ni mara ngapi umeona kitabu kikifuatwa na kazi ya mikono?

Lakini mafuriko yenyewe ya vitabu yalikuja baada ya msiba. Tarehe 27 Machi 1963 Dk. Richard Beeching alitoa ripoti yake juu ya reli za taifa, zilizokuwa zinapata hasara kila mwaka. Alipendekeza stesheni 2,363 zifungwe, pamoja na njia za urefu wa maili 5,000 hivi, yaani kama kilomita 8,000. Watu waliandamana, waliandika barua, wapi! Nyingi zikafungwa. Na tarehe 11 Agosti 1968 Shirika la Reli la Uingereza liliendesha treni yake ya mwisho ya abiria ya mvuke kwenye reli kuu, kutoka Liverpool kupitia Manchester hadi Carlisle na kurudi. Watu walijipanga kandokando ya njia kama wanaomsindikiza marehemu.

Kampuni ya David & Charles, iliyoanzishwa mwaka 1960 katika mji mdogo wa Newton Abbot, ilijijengea jina kwa vitabu vya reli na mifereji. O.S. Nock, mhandisi wa ishara za reli, peke yake aliandika zaidi ya vitabu 100. Mtu hulia na kilichomtoka, na Waingereza walilia kwa tarakimu: uzito wa injini, upana wa gurudumu, dakika za kuchelewa. Mwanzoni tarakimu hizo hukuchosha. Ukizoea, unaona kwamba kila moja ni namna ya kusema: hiki kilikuwepo, nami nilikiona.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mwaka ule ule wa 1963, mwezi mmoja tu baada ya ripoti ya Beeching, katika mji wa Bristol watu weusi waligoma kupanda mabasi. Kampuni ya mabasi ya mji ilikuwa haiwaajiri weusi wala Waasia kuwa madereva au makondakta, na chama cha wafanyakazi kiliuunga mkono ubaguzi huo. Kijana Guy Bailey aliitwa kwenye usaili, alipofika na kuonekana rangi yake akakataliwa. Paul Stephenson na wenzake wakaongoza mgomo kwa miezi minne. Tarehe 28 Agosti kampuni ikasalimu amri. Na bado: mwaka 1966 Asquith Xavier, mzaliwa wa Dominica, gadi wa treni mwenye uzoefu, alinyimwa kazi stesheni ya Euston kwa sababu ya rangi. Kelele zikapigwa mpaka marufuku ikaondolewa, naye akaanza kazi tarehe 15 Agosti 1966.

Nimevipekua vile vitabu nilivyo navyo, vyenye mabasi ya ghorofa na majukwaa ya miaka ya 1960. Rangi ya basi imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Rangi ya kondakta aliyekataliwa haimo. Siamini kwamba waandishi hao walikuwa watu wabaya. Waliandika walichokipenda, na mtu akipenda stesheni yenye maua hataki kuuliza nani hakuruhusiwa kufanya kazi pale.

Sisi je? Katika vitabu hivyo hivyo nimekutana na injini zetu: zile Garratt za Class 59, 34 kwa jumla, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Uzito wake umeandikwa, tani 250 hivi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mlisha moto kwenye mashine hizo, ambazo moto wake ulikuwa wa mafuta, siyo makaa. Anajua joto lake, anajua mlima upi ulizichosha, anajua walikula nini saa nane za usiku. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na wenzake wanazikwa mmoja mmoja.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Treni mpya za Mombasa na Nairobi zilianza mwaka 2017. Huo ni muda wa kutosha kabisa kwa kijana wetu kununua daftari. Na akishalinunua, aige bidii ya Waingereza wale, aandike namba zote za injini, kisha afanye walilolipuuza: mbele ya kila namba aandike jina la mtu.