Kurasa mbili za Spectrum

Hebu turudi Mei 1983, shule ya upili ya Hazelwood East, jimbo la Missouri, Marekani. Gazeti la wanafunzi, Spectrum, lilikuwa karibu kuchapishwa. Mwalimu mkuu akakataa makala mawili: ya wasichana wajawazito na ya talaka za wazazi. Akaona muda wa kupanga upya haupo, basi akaondoa kurasa mbili nzima, pamoja na makala mengine asiyokuwa na neno nayo. Wanafunzi wakashtaki. Januari 1988 wakashindwa katika Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 3.

PageMaker ilitoka 1985. Mimi mwandishi wa programu nakubali: ingeokoa yale makala mengine. Lakini nani ana haki ya kukata? Hilo programu hailijibu.