Kambamiti wa Thailand na Kinga Isiyofika Bwawani

Ufugaji wa kambamiti katika pwani ya Thailand ulipanuka kwa kasi katika miaka ya 1980, na ulikuwa ungali katika neema hiyo ulipozuka, mwaka 1990, ugonjwa wa kichwa cha manjano. Dalili yake ya kwanza ilikuwa ya kulaghai: kambamiti walikula kupita kawaida kwa siku kadhaa, jambo la kumfurahisha mfugaji yeyote, kisha wakasusa chakula ghafla na kujikusanya juu ya maji kandokando ya bwawa, vichwa vimepauka na kuwa manjano, na katika siku chache bwawa zima likaweza kuteketea. Baadaye ukafuata ugonjwa wa madoa meupe.

Chanjo ya kawaida haikufaa, kwa kuwa kambamiti, sawa na wadudu, hana kingamwili, yaani protini ambazo mwili wa binadamu hutengeneza ili kumtambua adui aliyewahi kuuvamia. Njia nyingine ilitokana na mnyoo mdogo wa maabara, ambaye kwake Andrew Fire na Craig Mello walionyesha mwaka 1998 kwamba RNA yenye nyuzi mbili huzima jeni inayolingana nayo, kwani kimeng'enya kiitwacho Dicer huikata vipande vifupi vinavyoongoza uharibifu wa ujumbe wa jeni hiyo. Ujumbe ukiwa wa kirusi, kirusi hukosa namna ya kuongezeka.

Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani waligundua kwamba hata RNA ya nyuzi mbili isiyohusiana na kirusi chochote humpa kambamiti kinga kiasi, ingawa ile inayolingana na kirusi, kama ilivyothibitika baadaye, hukinga vizuri zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Mahidol, wanasayansi wa Thailand waliielekeza mbinu hiyo kwenye kirusi cha kichwa cha manjano, kwanza katika seli, kisha kwa kuwadunga kambamiti hai.

Sindano, hata hivyo, haina maana bwawani, ambako hakuna awezaye kudunga maelfu ya kambamiti mmojammoja. Ndiyo maana walijaribiwa bakteria waliobadilishwa ili watengeneze RNA hiyo na kuchanganywa katika chakula, lakini wafugaji wa Thailand walikuwa wamekwisha kuchagua njia nyepesi zaidi: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 waligeukia kambamiti weupe wenye asili ya Amerika, waliozalishwa kutokana na wazazi waliothibitishwa kuwa hawana virusi hivyo.