Njia ya kijiji: kazi ya umoja na kazi ya lazima

Mu vijiji vya kuzunguka Lubumbashi, kazi ya umoja ni desturi ya bazee betu. Mwenye shamba aliita bajirani, balilima pamoja, na jioni balikula bukari na kunywa munkoyo kwake. Siku ingine yeye naye alienda kulima kwa mwenzake. Hakuna mutu aliandika majina. Kukosa kuja ilikuwa haya, na ile haya ilitosha.

Kisha bazungu balitaka barabara za motokari. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ilitia kazi za lazima za vijiji mu sheria, na kutunza barabara ilikuwa ndani: mpaka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mu 1942, siku zilifika 120. Kapita alihesabu batu, na mwenye kukosa aliona buloko. Unga wa kulisha bafanyakazi ba Union Minière ulipita mu njia hizo.

Mu miaka ya 1970 Mobutu alileta salongo, neno la Lingala lenye kusema kazi. Siku ya posho, kila mutu atoke na jembe. Tuliambiwa ni desturi ya bababu inarudi. Lakini bazee balitambua ile kazi ya Bula Matari, jina tu ndilo lilibadilika.

Njo maana leo, ukiita batu kutengeneza njia, vijana banauliza: «Serikali iko wapi?» Siye tunaona wako na haki. Daraja na mashini ni deni la Serikali, na Office des Routes iliundwa mu 1971 kwa kazi hiyo.

Lakini mvula haingoje. Mutaro ukizibwa na majani, maji inapita katikati ya njia na kuikata. Mahindi na makala inabaki kijijini, na siye mu mji tunakula unga wa Zambia. Kufungua mutaro mbele ya Novemba, mikono ya kijiji inaweza.

Basi turudishe desturi pamoja na sharti zake. Benye kijiji bachague siku. Chefu naye ashike jembe. Mwenye camion, anayepitisha magunia yake pale, alete bukari. Bila hivyo, tusiite kazi ya umoja. Batu batakumbuka kapita.