Jinsi Linux ilivyojifunza kusikia

Kadi ya sauti ya Sound Blaster, iliyotolewa na kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1989, ilijua kusema kuliko kusikia. Ilicheza sauti kwa sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, zinazokaribia 23,000 kwa sekunde, lakini ilipotakiwa kurekodi, kikomo chake kilikuwa 12,000 tu, ubora unaokaribiana na wa simu ya mezani. Wateja wake wengi walikuwa wacheza gemu, na gemu za enzi hizo hazikumtaka mchezaji afungue kinywa. Pengo hilo halikuishia kwenye kadi. Liliingia hadi kwenye mifumo endeshi, na Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, umehangaika nalo kwa miaka zaidi ya 30.

Draiva ya kwanza ya sauti ya Linux iliandikwa mwaka 1992 na Mfini mwingine, Hannu Savolainen. Draiva ndiyo programu inayokaa kati ya kifaa na mfumo endeshi. Bila hiyo, kadi ya bei kubwa haina kazi. Savolainen alifuata desturi ya mfumo endeshi wa Unix ya kukifanya kila kifaa kionekane kama faili. Kadi ya sauti ikawa faili lililoitwa /dev/dsp. Programu ikiandika humo, spika inalia. Ikisoma humo, inapata kilichonaswa na maikrofoni. Mtu aliweza kurekodi sauti yake kwa amri moja fupi, bila programu yoyote ya ziada, na mpaka leo wapo wanaoutamani urahisi huo.

Lakini programu moja ikishalishika faili hilo, nyingine ziliambiwa kifaa kina shughuli. Likaja na suala la fedha. Kazi ya Savolainen ilikua, ikaitwa Open Sound System, yaani OSS, na kampuni ya 4Front Technologies ikaanza kuuza toleo lake la kulipia huku toleo la bure likibaki ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Savolainen alikuwa na haki ya kula jasho lake. Hata hivyo, jamii iliyojengwa juu ya msimbo ulio wazi isingekubali kwa muda mrefu kwamba draiva nzuri zaidi zipatikane dukani.

Jibu lilitoka Jamhuri ya Czech. Jaroslav Kysela alikuwa na kadi ya sauti ya Gravis Ultrasound na hakuridhika na draiva iliyokuwepo, basi akaandika yake. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1998 ulianza mradi wa ALSA. Kampuni ya SUSE iliwaajiri Kysela na Takashi Iwai, na ALSA ikaingia kwenye kerneli ya majaribio mwaka 2002. Linux 2.6 ilipotoka Desemba 2003, ALSA ndiyo iliyokuwa mfumo rasmi wa sauti.

ALSA ilikuwa ngumu. Iliwataka waandishi wa programu waeleze wazi idadi ya mikondo, kasi ya sampuli, ukubwa wa bafa, yaani hifadhi ya muda ya sauti, na vipande vyake, na maelezo ya kuwaongoza yalikuwa haba. Wengi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Lakini ugumu huo ulikuwa na sababu, na sababu hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye kurekodi.

Programu inayocheza wimbo ina wimbo mzima mkononi. Inaweza kujaza bafa mapema, ikapumzika, kisha ikarudi. Inayorekodi haina nafasi hiyo. Ni kama mtu anayekinga maji ya mvua: ndoo ikijaa kabla hajaleta nyingine, yanayomwagika hayarudi. Maikrofoni hutoa mawimbi ya umeme, chipu huyageuza kuwa namba, na kadi huzipeleka namba hizo moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa. Fungu likikamilika, kadi huishtua prosesa ije kuchukua. Ni kazi ya draiva kujua kwa uhakika namba ya mwisho imeandikwa wapi. Ikikosea kidogo, msikilizaji anasikia mkwaruzo au kipande cha neno kilichomezwa.

Mwimbaji anayetaka kujisikia mwenyewe wakati anarekodi hawezi kusubiri mafungu makubwa. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde na mafungu ya sampuli 64, kompyuta hushtuliwa mara 750 kila sekunde, na kila mara inatakiwa iitike kabla ya fungu linalofuata. Kerneli ya mwishoni mwa miaka ya 1990 haikuundwa kwa ajili hiyo. Paul Davis, mmoja wa waandishi wa programu wa mwanzo kabisa wa Amazon, alikutana na kikwazo hicho alipotaka studio kamili ndani ya Linux. Aliandika draiva ya kadi ya RME Hammerfall, yenye mikondo 26 ya kuingia na 26 ya kutoka, kisha akaanzisha programu ya kurekodia ya Ardour na mfumo wa JACK wa kuunganisha programu za sauti. Wanamuziki wakawa miongoni mwa waliosukuma kwa nguvu kerneli iitike kwa wakati. Sehemu ya mwisho ya viraka vya msimbo vilivyotengenezwa kwa lengo hilo, PREEMPT_RT, iliingia rasmi katika Linux 6.12, Novemba 2024.

Wakati huohuo, tatizo jingine lilikuwa likikua ndani ya kompyuta mpakato. Mwaka 2004 Intel ilileta kiwango cha HD Audio. Kila pini ya chipu ya sauti ilipewa namba ya biti 32 inayoeleza kama pini hiyo ni ya maikrofoni au ya spika, iko upande gani wa kompyuta, hata tundu lake lina rangi gani. Ulikuwa mpango mzuri kwenye karatasi. Viwandani, namba hizo mara nyingi zilijazwa ovyo, kwa kuwa draiva ya Windows ilikuja na masahihisho yake. Linux iliziamini namba hizo na ikakosa kuiona maikrofoni. Dawa ilikuwa kuandika orodha ya visa maalumu, mstari mmoja kwa kila modeli, na faili la chipu za Realtek peke yake likavuka mistari 10,000. Hiyo ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na walioifanya wanastahili sifa kuliko wanayopewa.

Baadaye maikrofoni zenyewe zilihama. Watengenezaji waliziunganisha na prosesa ndogo ya sauti, ambayo haiwezi kufanya kazi bila programu yake ya ndani. Kompyuta kadhaa mpya za mwaka 2019 zilicheza muziki vizuri kwenye Linux huku maikrofoni zake zikiwa kimya. Zilikombolewa na Sound Open Firmware, mradi huria uliotangazwa mwaka 2018 kwa msukumo wa Intel yenyewe.

Juu ya draiva zilijengwa tabaka nyingine: PulseAudio ya Lennart Poettering, kisha PipeWire ya Wim Taymans, iliyokuwa chaguo la kawaida la sauti kwenye toleo la Linux liitwalo Fedora 34 mwaka 2021. Lakini chini yake bado ipo ALSA. Simu za Android hutumia kerneli hiyohiyo, hivyo sehemu kubwa ya ujumbe wa sauti unaorekodiwa Mombasa, Kigoma au Bukavu hupita kwenye kazi iliyoanza na kadi moja ya Kysela.

Anayenunua kompyuta mpakato ya mtumba na kuiwekea Linux anaweza kukuta maikrofoni haisikii. Asikate tamaa. Aendeshe programu ndogo iitwayo alsa-info, ambayo hukusanya jina la chipu, mpangilio wa pini na toleo la kerneli katika faili moja la maandishi, kisha aliambatishe kwenye taarifa ya hitilafu kwa watunzaji wa draiva. Mara nyingi kinachohitajika ni kuongeza mstari mmoja, na ukishaingia kwenye kerneli unamfikia kila mwenye modeli hiyo atakapopata toleo jipya.