Bei ya Kocha Namba Mbili

Ukimtaja kocha wa timu ya chuo kikuu Marekani, wengi humwona yule mzee wa kofia anayefoka kando ya uwanja, ambaye sanamu yake itawekwa nje ya lango siku moja. Huyo mimi simjali sana. Ninayemfuatilia ni jamaa anayesimama hatua mbili nyuma yake, ameshika karatasi iliyojaa michoro, sauti imekauka. Kocha msaidizi. Leo wasaidizi wachache wanalipwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka, na bado wanavutwa huku na kule kama mahari yenye ubishi. Lakini kwa muda mrefu jamaa huyu alilipwa pesa za chai, na kuna wakati vyuo vilikaa kikao na kukubaliana kwa pamoja kwamba asilipwe zaidi ya hizo.

Tuelewane kwanza. Naongea juu ya futboli ya Marekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, si kandanda yetu. Sisi Wakenya tulivijua vyuo vya kule kupitia mbio. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978, ndani ya siku 81. Ila kule kwenyewe mbio ni kachumbari tu. Futboli ndiyo nyama.

Mwanzoni hakukuwa na mshahara wa kubishania. Walter Camp wa Yale, anayeitwa baba wa mchezo huu, alikuwa na kazi yake katika kampuni ya kutengeneza saa mjini New Haven, na ushauri wa timu aliutoa bila malipo. Wasaidizi walikuwa wachezaji wa zamani waliorudi msimu ukianza, wakafundisha wiki kadhaa kwa mapenzi ya shule, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Kulipwa kulionekana ni aibu, eti mwungwana hachezi kwa pesa. Ni rahisi sana kuwa mwungwana wakati baba yako ana benki.

Harvard ndiyo iliyochoka kuona aibu. Baada ya kupigwa na Yale miaka mitatu mfululizo, mwaka 1905 ikamwajiri Bill Reid, kijana wa miaka 26, kwa dola 7,000. Nusu ilitoka kwa chama cha michezo, nusu ikachangwa na wahitimu. Hakuna profesa wa Harvard aliyekuwa akipata pesa hizo. Rais wa chuo mwenyewe alimzidi kidogo tu. Na Yale ikashinda tena, 6-0. Ungedhani hapo watu wangejifunza kitu kuhusu pesa na ushindi. Walichojifunza ni kwamba labda dola 7,000 hazitoshi.

Cheki lakini nani alilipwa: namba moja. Namba mbili aliendelea kuunga unga. Knute Rockne, ambaye jina lake sasa ni kama la mtakatifu pale Notre Dame, alipomaliza masomo mwaka 1914 alibaki chuoni akisaidia maabara ya kemia huku akimsaidia kocha Jesse Harper uwanjani. Aliishi hivyo, kazi mbili kwa mpigo, hadi 1918 alipokabidhiwa timu. Ndio mkataba ambao haukuandikwa popote: vumilia, siku yako itafika. Kijana yeyote wa Nairobi aliyewahi kuambiwa kwamba kazi hii haina mshahara ila utapata eksipiriensi anaujua mkataba huo kwa moyo.

Kilichobadilisha mambo kwanza hakikuwa huruma. Zamani mchezaji yule yule alishambulia na kulinda; akitoka uwanjani, kurudi kulikuwa na masharti. Mwaka 1941 sheria ya kubadilisha wachezaji ikalegezwa, na mwaka 1945 Fritz Crisler wa Michigan, akiwa na vijana wadogo dhidi ya Army iliyokuwa moto wa kuotea mbali, akagawa kikosi chake mara mbili: hawa washambulie, wale walinde. Mtindo huo ulipigwa marufuku mwaka 1953 kwa sababu za gharama, ukarudi moja kwa moja katikati ya miaka ya 1960. Timu ikawa timu mbili ndani ya jezi moja. Kocha mmoja hawezi kuwa kwote. Akahitajika mtu wa ulinzi anayeujua ulinzi kuliko bosi wake, na mtu wa mashambulizi vilevile, na chini yao walimu wa kila nafasi. Msaidizi akaanza kuwa fundi. Na fundi mzuri, ukimzoea, huwezi kumwacha aende kwa jirani.

Pesa nazo zikaja kwa njia ya mahakama. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikuwa kikiamua mechi ngapi zionyeshwe kwenye televisheni na nani aonyeshwe. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikakishtaki, na Juni 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwa kura 7 kwa 2 kwamba mpango huo unavunja sheria ya ushindani. Mmoja wa wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futboli chuo cha Colorado. Kuanzia hapo vyuo na ligi zao vikauza mechi vyenyewe, na bei ikapanda na kupanda.

Sasa hebu fikiria hesabu hii. Chuo si kampuni, hakina wenye hisa wa kugawiwa faida. Wachezaji wakati huo hawakuruhusiwa kulipwa mshahara. Pesa za televisheni zikiingia, zitaenda wapi? Zitaenda kwenye majengo na kwa makocha. Kwangu mimi huo ndio ufunguo wa hadithi yote. Msaidizi hakupandishwa mshahara kwa kuwa mtu fulani aligundua thamani yake. Alikuwa amesimama karibu na mfereji ambao haukuwa na pa kumwaga.

Lakini si wote walisimama karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vyuo vingi vilikuwa vinalia hasara katika michezo. Kwa hesabu za NCAA za 1985–86, asilimia 42 ya vyuo vya daraja la kwanza vilikuwa na upungufu. Kamati ya kupunguza gharama ikaundwa, na mwaka 1991 vyuo vikapiga kura. Katika michezo yote ya daraja la kwanza isipokuwa futboli, kungekuwa na cheo cha kocha wa mapato yenye kikomo: dola 12,000 kwa mwaka wa masomo na 4,000 za kiangazi. Jumla dola 16,000, basi. Ikaanza kufanya kazi Agosti 1992.

Rudia kusoma: isipokuwa futboli. Kubana matumizi kulianza kwa wasiokuwa na sauti.

Na hao hawakuwa watoto wa juzi. Katika mpira wa kikapu, baadhi ya wasaidizi waliohesabiwa kama wa muda walikuwa wamefikia dola 60,000 au 70,000 kabla ya sheria hiyo. Mtu ana familia, ana nyumba ya kulipia, ana miaka mingi kazini, anaamka asubuhi moja anaambiwa nchi nzima imekubaliana kwamba wewe ni wa 16,000. Hakuna pa kuhamia, maana jirani naye alipiga kura.

Makocha wa kikapu wakaenda mahakamani Kansas, kesi ikaitwa Law dhidi ya NCAA. Utetezi wa NCAA nauona wa kufundishia. Walisema nafasi hizi ni za kuwapa chipukizi mlango wa kuingilia. Kwamba gharama lazima zipungue. Kwamba timu zote ziwe sawa. Mahakama ya rufaa, Januari 1998, ilizichambua moja baada ya nyingine. Mlango wa chipukizi? Hakuna kilichozuia vyuo kuweka wakongwe humo, na ndivyo walivyofanya. Gharama? Kila anayekula njama kushusha bei hupunguza gharama, hiyo si sababu mbele ya sheria. Usawa? Chuo kilichookoa pesa kwa kocha kilikuwa huru kuzimwaga kwingine. Mei mwaka huo huo baraza la raia likatoa fidia ya zaidi ya dola milioni 22, ambayo kwa sheria ya Marekani huzidishwa mara tatu: karibu milioni 67. Mwaka 1999 wakakubaliana milioni 54.5.

Kutoka hapo hakuna aliyethubutu tena kuweka kikomo cha mshahara wa kocha, na futboli ikafungua koo. NCAA ilibaki na uwezo wa kuhesabu vichwa tu: wasaidizi 9 kwa timu, hadi Januari 2018 walipoongezwa wa 10.

Ukiweza kuhesabu vichwa lakini huwezi kuhesabu pesa, kila kichwa kinakuwa ghali. Texas mwaka 2008 ilimtangaza Will Muschamp, kocha wake wa ulinzi, kuwa mrithi rasmi wa Mack Brown, ikampa dola 900,000 ili atulie. Ni kama kumchumbia binti na kusema harusi tutapanga. Brown hakuonyesha dalili ya kuondoka. Desemba 2010 Florida ikaja na harusi iliyo tayari, Muschamp akaenda. Tennessee nayo ilimlipa Monte Kiffin milioni 1.2 kusimamia ulinzi msimu wa 2009, chini ya kocha mkuu ambaye ni mwanawe, Lane. Mtoto ni mdosi, baba ni msaidizi. Januari 2010 mtoto akaitwa na USC, baba akabeba virago pia, na wanafunzi wakamiminika nje usiku kwa hasira.

Clemson ilifanya tofauti: ililipa na kusubiri. Brent Venables alikuja mwaka 2012, na kufikia 2018 alikuwa ameandikiwa zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Alikaa misimu 10, akachukua mataji mawili ya kitaifa, akaondoka tu Oklahoma ilipompa timu nzima. Mwaka huo huo wa 2018 LSU, ikisikia Texas A&M inamnyemelea Dave Aranda, ikampandisha hadi milioni 2.5. Alibaki, wakashinda ubingwa Januari 2020, na ndani ya siku chache alikuwa kocha mkuu wa Baylor. Ukitaka kujua pesa hununua nini hapa, hununua misimu. Uaminifu hauko kwenye risiti.

Vyuo vingi hivi ni vya umma, kwa hiyo mishahara ni siri ya nani? Magazeti yanaiomba kwa sheria na kuichapisha kila mwaka. Wakala anaingia ofisini na orodha mkononi: mteja wangu ni wa 14, na mlimfunga aliye wa 5. Uwazi ambao ulipaswa kuwatia aibu umekuwa ngazi ya kupandia.

Halafu kuna upande ambao orodha hiyo haionyeshi. Kocha mkuu akifutwa, mara nyingi wasaidizi wote hufutwa naye, hata kama wa ulinzi alifanya maajabu. Dabo Swinney, yule aliyekuja kumwajiri Venables, alikuwa msaidizi Alabama hadi kikosi kizima cha makocha kilipoondolewa baada ya msimu wa 2000. Hakupata timu. Miaka miwili alifanya kazi kwenye kampuni ya majengo ya maduka. Clemson ilimchukua mwaka 2003 kufundisha wapokeaji mpira. Oktoba 2008 bosi wake akaondoka katikati ya msimu, akaachiwa timu. Angekataa simu moja, leo angekuwa anakutafutia mpangaji.

Kichekesho ninachokipenda zaidi ni cha Butch Jones. Tennessee ilimfuta mwaka 2017 ikiwa bado inamdaiwa zaidi ya dola milioni 8. Mwaka uliofuata akajitokeza Alabama, mahasimu wakubwa, kama mchambuzi nyuma ya pazia kwa dola 35,000. Akipata mshahara mkubwa kwingine, deni la Tennessee lingepungua. Kwa nini Alabama imlipe vizuri? Kwa hiyo Tennessee iligharimia mtu aliyekaa akimsaidia adui kuisoma. Wachambuzi hawa walikuwa njia ya kukwepa ile hesabu ya vichwa 10, kwa masharti kwamba wasifundishe uwanjani. Mwaka 2024 NCAA ikasalimu amri, ikaondoa sharti hilo.

Mfereji wenyewe sasa umepata pa kumwaga. Hukumu ya Law ilikuwa miongoni mwa zile ambazo wanasheria wa wachezaji waliziegemea, na mwaka 2021 Mahakama Kuu iliwapa ushindi wa kura 9 kwa 0 katika kesi ya Alston. Juni 2025 jaji mmoja California aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kugawia wanamichezo wake takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Wasaidizi bado wanapanda, lakini sasa wanagombea sahani moja na vijana wanaowafundisha.

Na kwenye besiboli, ambako kamera ni chache, sheria iliendelea kuruhusu kila timu ya daraja la kwanza kocha mmoja wa ziada kwa sharti moja: asilipwe. Aliitwa wa kujitolea. Makocha wa aina hiyo walifungua kesi Novemba 2022, na Julai 2023 cheo hicho kikafutwa, miaka 25 baada ya NCAA kushindwa Kansas kwa jambo lile lile.